Dua la Kuku

Mwewe alishuka saa nne asubuhi, jua likiwaka, mbele ya watu wazima wawili. Shosho wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mparachichi akichambua managu. Mimi nilikuwa nimesimama, kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kuku alipiga ukelele mmoja mkali, kivuli kikapita kwenye vumbi, na kifaranga mmoja akawa hayupo. Huku kwetu Waithaka, Nairobi, mwewe si wageni. Vichinjio vya Dagoretti haviko mbali, na penye nyama ndege hawa hawakosekani.

Niliokota jiwe nikarusha. Liliangukia mabati ya jirani, naye jirani akatoka kuuliza kulikoni. Shosho hata hakutazama juu. Macho yake yalikuwa kwa kuku, aliyekuwa ametanua mabawa kando ya ndoo, sasa akitoa ule mlio mwingine wa chini chini, na vifaranga wakawa wanatoka mmoja mmoja kwenye majani na kujipenyeza chini yake. Shosho alikuwa akihesabu kwa kugusa ncha za vidole.

"Walikuwa saba," akasema. "Sasa sita. Yule mwenye doa kichwani ndiye ameenda."

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Januari 2019. Tangu Jumanne jioni simu yangu ilikuwa haipumziki: picha za moshi wa shambulio la Riverside, orodha za watu wasiopatikana, na katikati ya hayo yote, sala. Sala ndefu, sala fupi, sala za kumwaga moto juu ya maadui wa Kenya, sala zenye sharti kwamba ukizipokea uwatumie watu kumi. Nilikuwa nimechoka nazo. Nikasema kwa sauti, nusu nikimwambia shosho na nusu nikijiambia mwenyewe, "Dua la kuku halimpati mwewe."

"Mume wangu," akaniambia. Nimepewa jina la babu, kwa hiyo ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. "Nani alikwambia kuku alikuwa akimwapiza mwewe? Alikuwa anaita watoto wake." Akarudia managu yake.

Jibu hilo limekaa nami tangu siku hiyo. Methali ile tumekuwa tukiitumia kumcheka mnyonge: omba uombavyo, mwenye nguvu hadhuriki. Na ukiitazama hivyo, muumini yeyote aliyeshuhudia miaka yetu hii Nairobi hana la kujibu. Tumeomba sana, na mwewe amerudi tena na tena.

Kutoka Kawangware, hapa kwetu Dagoretti, hadi 14 Riverside Drive si safari ya kusimulia. Kila alfajiri watu hutoka Kawangware, Gatina na Kabiro kwa miguu, wakipita Lavington na Kileleshwa: wafanyakazi wa nyumbani, walinzi, mafundi, wapishi, wasafisha ofisi. Nauli wanayookoa ndiyo unga wa jioni. Kwa hiyo mlipuko ulipotokea kwenye hoteli ya DusitD2, pale Riverside, mwendo wa saa tisa alasiri ya tarehe 15, Dagoretti haikuipata habari ile kama habari ya watu wengine. Wanawake walisimama milangoni wakipiga namba ileile mara ishirini. Magaidi walizingirwa usiku kucha, na asubuhi ya pili serikali ikatangaza kwamba yameisha. Watu 21 waliuawa, mbali na washambuliaji wenyewe. Wapatao 700 walitolewa hai. Kati ya waliokufa mlikuwa na Wakristo na Waislamu, Wakenya na wageni.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, kanisa dogo la mabati la mtaani ambalo jina lake tuliache. Mlangoni mlinzi alinipapasa kwa kile chuma chake, akafungua na Biblia yangu akaikung'uta, jambo ambalo Wakenya tumelizoea kiasi kwamba watoto wetu wanadhani limeandikwa katika Agano Jipya. Wakati wa shuhuda ulipofika, ndugu mmoja alisimama. Bwana asifiwe! Asifiwe! Akaeleza kwamba Jumanne alitakiwa kupeleka mzigo Riverside saa tisa kamili, lakini matatu yake ilikwama kwenye msongamano pale Dagoretti Corner. "Mungu alisimamisha magari kwa ajili yangu," akasema. Kanisa likalipuka kwa makofi na vigelegele. (Neno hilo, kulipuka, nimeliandika bila kufikiri, nimeliacha.)

Mama aliyekaa karibu nami hakupiga makofi. Mwezi wa Desemba alikuwa amemzika mwanawe, aliyekufa katika ajali ya bodaboda. Alichukua mkoba wake, akajifunga leso vizuri, akatoka nje polepole kama mtu anayekwenda msalani. Hakurudi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kanisa zima siku hiyo lilidhani kapoa.

Simlaumu yule ndugu kwa kushukuru. Aliyenusurika asiposhukuru, ashukuru nani? Tatizo liko katika yale maneno matatu, "kwa ajili yangu". Kama Mungu alisimamisha magari kwa ajili ya mmoja, basi kuna ambao magari yao aliyaachia yapite. Yule mama alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo, na jibu lilimtoa nje. Wapwani husema Mungu si Athumani, na kila mtu huielewa kwa namna yake. Mimi huielewa hivi: si jamaa wa mtu, wa kupigiwa simu akufungulie mlango wa nyuma.

Anayedhani sala ni bima, na akumbuke Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ya kukumbuka karamu ya mwisho. Alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala, vijana wa umoja wa wanafunzi Wakristo walikuwa wamekusanyika darasani katika Chuo Kikuu cha Garissa wakisali. Hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukutwa na bunduki. Walioamkia maombi walikufa. Hadi jioni waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Na katika chuo hichohicho, msichana wa miaka 19 alijificha kabatini siku mbili nzima, akinywa losheni ya mwili kwa kiu, akisali, na alikataa kutoka mpaka alipohakikishiwa kwamba waliomwita si magaidi. Huyo alipona. Sala ya darasani na sala ya kabatini zilikwenda kwa Mungu mmoja, siku moja, kutoka kiwanja kimoja. Mtu akikueleza kwa nini moja ilijibiwa hivi na nyingine vile, na akakueleza bila kigugumizi, mwogope.

Sisi wa umri wangu tulilijua jambo hili mapema zaidi, tukiwa bado na kaptula za shule. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 katikati ya Nairobi na kuiangusha Ufundi House. Wengi walipofuka siku ile kwa sababu ya utu wetu wa kawaida tu: walisikia kishindo cha kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, ndipo lile bomu lenyewe likawarushia vioo usoni. Chini ya kifusi kulikuwa na mwanamke aliyesikika akiongea na waokoaji. Nchi nzima ililijua jina lake la kwanza. Shosho aliweka redio kwenye dirisha la jikoni, akaongeza sauti, na majirani wakawa wanasimama kwenye ua kusikiliza. Aliombewa makanisani na misikitini, aliombewa kwenye matatu. Waokoaji kutoka Israeli walichimba usiku na mchana. Walipomfikia, alikuwa amekufa.

Nakumbuka nilimuuliza shosho kwa nini, na nakumbuka hakunijibu. Alizima redio, akaenda kwa jirani ambaye shemeji yake alikuwa akifanya kazi mjini na alikuwa hajaonekana, akakaa naye hadi usiku. Wakati ule niliona kama ananikwepa. Leo naona lile ndilo lililokuwa jibu.

Jibu hilo la kukaa pamoja lina mizizi: wazee wa Kabete kabla ya misheni hawakuwa na mazoea ya mtu mmoja kumwendea Ngai, Mungu wa Wakikuyu, na haja zake binafsi. Jomo Kenyatta alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1938: Ngai hakusumbuliwa na mtu peke yake, ilikuwa familia, au ukoo, au nchi nzima kupitia wazee wake, waliosimama chini ya mti wa mugumo wakielekea mlima Kirinyaga. Na mwisho wa kila ombi kundi liliitika thaai, amani. Padre John Mbiti wa Kanisa la Anglikana, mwana wa Kitui, alikusanya sala za kale za Waafrika akazichapisha mwaka 1975, na ukizisoma unakuta watu wanaomba uzima, mvua, watoto, mifugo, amani. Nafsi ya wingi imejaa humo.

Sisemi turudi mugumoni. Ukristo una zaidi ya miaka mia moja hapa kwetu. Wamisheni wa Kiskoti walihamia Dagoretti kutoka Kibwezi mwaka 1898, na muda si mrefu wakajenga Thogoto. Walifika wakati wa njaa kuu, watu wakifa njiani. Kwa hiyo imani hii haikutufikia siku ya sherehe. Shosho ni mtoto wa misheni hiyo, na wakati wa Hali ya Hatari ya ukoloni alikuwa msichana aliyesali usiku bila kujua anayebisha hodi ni mlinzi wa serikali au mtu wa msituni. Anajua Biblia kuliko mimi. Alipozungumza juu ya kuku sidhani alikuwa akitafuta methali mpya. Nadhani alikuwa anakumbuka Injili. Yesu alipoililia Yerusalemu hakujifananisha na simba wala tai. Alijifananisha na kuku anayetaka kuwakusanya vifaranga wake chini ya mabawa, nao hawakutaka. (Ni bahati ya sauti tu, lakini Kiswahili kimeliweka neno kuku mwanzoni mwa kukusanya.)

Na mwewe je, kazi yake ni ipi? Kutawanya, kisha kuchagua. Tazama magaidi wanavyofanya. Westgate, Septemba 2013, mahali walipouawa watu 67, wapo walioulizwa dini yao kabla ya risasi. Kwenye basi karibu na Mandera, Novemba 2014, abiria wasioweza kusoma shahada ya Kiislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa. Garissa vilevile, wasiokuwa Waislamu walitengwa. Bunduki huja ya pili; la kwanza ni swali la wewe ni wa nani.

Ndiyo maana nikitafuta sala iliyojibiwa katika miaka hii yote sianzi kanisani. Naanza kwenye basi lingine la Mandera, tarehe 21 Desemba 2015, siku chache kabla ya Krismasi. Magaidi waliwasimamisha abiria na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Wanawake Waislamu walikuwa wameshawapa wenzao hijabu wajifunike. Abiria wakakataa kutengana: mkituua, tuueni sote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko na akafariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Serikali ilimpa nishani baada ya kifo chake, na kisa cha basi hilo kikatengenezewa filamu ya Watu Wote, iliyofika hadi kwenye uteuzi wa Oscar. Miaka mitatu kabla ya kisa hicho cha basi, makanisa mawili ya mji wa Garissa yaliposhambuliwa tarehe 1 Julai 2012, viongozi wa Kiislamu walikubaliana kuweka vijana wao kuyalinda makanisa. Na wakati wa Westgate, ukumbi wa Visa Oshwal, wa jamii ya Wajaini, ulifunguliwa kwa familia zilizokuwa zikisubiri na kwa waokoaji, chakula kikapikwa humo, huku Wakenya wakijipanga foleni kutoa damu ambayo hakuna aliyeuliza ingeingia kwenye mshipa wa dini gani.

Sisi wa makanisani hatukuwa wema hivyo kila mara. Tarehe 30 Septemba 2012 guruneti lilirushwa kwenye shule ya Jumapili ya kanisa la Mtakatifu Polikapo, Juja Road. Mtoto mmoja aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Hakuna mzazi asiyeielewa hasira ya siku ile. Lakini vijana walitoka wakaanza kuwapiga Wasomali mitaani, watu ambao kosa lao lilikuwa pua na vitambaa vyao. Aprili 2014 maelfu yao walikamatwa na polisi Eastleigh, na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Jumapili hizo tuliombea usalama wa taifa. Sikumbuki kuwaombea waliokuwa Kasarani, na mimi nilikuwepo, nikiitika amina. Mwewe alikuwa ameondoka, nasi tukaendelea kutawanya kwa niaba yake.

Kuna watakaosema nawanyima waombolezaji haki ya kulaani. Hapana. Zaburi ya 137 huanza na kilio kando ya mito ya Babeli na kuishia na tamaa ya kisasi ambayo makanisa mengi huiruka yanapoisoma, na mimi naona ni kosa kuiruka. Mtu aliyeuliwa mwanawe anaweza kumwambia Mungu maneno ambayo mchungaji hangeyaweka kwenye mimbari, na Mungu hatazimia. Ninachokataa ni sisi tulio wazima kuifanya laana kuwa ibada yetu. Na ninachokataa zaidi ni haraka ya msamaha. Baada ya kila shambulio hutokea mtu mwenye kipaza sauti anayemwambia mjane, maiti bado ipo mochari ya Chiromo, kwamba asamehe ili apokee uponyaji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msamaha ni wa aliyejeruhiwa kuutoa, siku yake ikifika, na kama haijafika, kazi ya kanisa ni kuketi kwenye benchi la mochari na chupa ya chai.

Nilikuwa Uhuru Park baada ya Garissa, Aprili 2015, watu walipowasha mishumaa na misalaba ikachomekwa kwenye nyasi. Wakati huo hesabu iliyotangazwa ilikuwa 147, na mtandaoni Wakenya walikuwa wakisambaza jina na picha za kila mwanafunzi, wakisisitiza kwamba 147 si namba tu. Huyu alipenda mpira. Huyu alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Sikuliita jambo hilo sala wakati ule. Sasa, kila nikiwaza shosho na vidole vyake, yule mwenye doa kichwani ndiye ameenda, naliita sala.

Jumatano iliyofuata shambulio la Riverside, maombi ya mtaa yalikuwa nyumbani kwa shosho. Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye viti vya kuazima, pamoja na yule mama wa mkoba, ambaye shosho alimwendea mwenyewe kwa miguu. Hakukuwa na shuhuda. Shosho aliuliza nani ana mtu anayefanya kazi upande ule, na majina yakaanza kutajwa: huyu yupo, huyu yupo lakini halali usiku, huyu amekataa kurudi kazini na kodi ya mwezi imefika. Kwa huyo wa kodi tukachanga pale pale kwenye sahani ya bati. Kisha mtu akataja jirani wa nyuma, Mwislamu, fundi wa viatu, ambaye tangu Jumanne ile ya shambulio hakuna mteja aliyempelekea kiatu. Palikuwa na kimya kidogo. Shosho akavua viatu vyake, vya ngozi, vya kanisani, soli moja imeanza kuachia, akanipa nimpelekee kesho yake. Ndipo tukasimama kuomba. Maombi yenyewe hayakuzidi dakika tano, na yalimalizika kwa lile neno la zamani, thaai, wote wakiitikia, hata walokole.

Fundi alizishona soli zote mbili kwa bei ya moja.

Basi wewe unayesoma haya, kama unapanda matatu namba 46 asubuhi, unajua ninachosema. Kila baada ya shambulio kuna kiti kinachobaki kitupu hadi mjini, kando ya mtu mwenye kofia au mama mwenye buibui, huku wengine wakikubali kusimama wameinama. Ukikikuta kiti hicho, kaa.